Tulidhani Mzee Amegoma Kula

Kila Jumamosi, baada ya kifungua kinywa na usafi, mafrateri wa seminari yetu hugawanywa kwenda utume. Wengine huenda gerezani, wengine hospitalini, wengine vigangoni kufundisha watoto wa Komunyo ya Kwanza. Sisi wanne tulipangiwa makao ya wazee yaliyo ng'ambo ya reli, mwendo wa nusu saa kwa miguu. Tuko mwaka wa pili wa falsafa, na anayeandika haya kwa niaba ya wenzake ana miaka 25. Tumeomba ruhusa kwa sista mlezi wa makao kabla ya kuandika. Aliruhusu kwa sharti moja, kwamba tusijiandike vizuri kuliko tulivyokuwa.

Tuanze na namna tulivyokuwa, basi. Tulikuwa tunafika saa nne asubuhi na gitaa moja na kayamba. Tunaimba nyimbo tatu au nne kwenye baraza, tunagawa sabuni na sukari kama wafadhili wametupatia, tunasali Rozari na wazee, tunasaidia kulisha wale wasioweza kujilisha, tunapiga picha, tunarudi. Njiani tunaambiana kwamba wazee wamefurahi. Na kweli walikuwa wanafurahi, hatutaki kusema uongo kwa upande wa pili pia. Lakini tulifanya hivyo mwaka mzima na zaidi, na kama ungetuuliza majina ya wazee 31 wa pale, tungekutajia sita. Wengine wote walikuwa "babu" na "bibi". Ni maneno ya heshima hayo, tumelelewa nayo nyumbani, ila yana hatari yake: unaweza kumwita mtu babu miezi kumi usijue anaitwa nani, na wala usione aibu.

Msomaji asiyeyajua makao ya wazee aelewe kwanza nani anaishi mle. Kwetu Tanzania mzee anatunzwa na ukoo wake. Hata Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, inayomhesabu mzee kuanzia miaka 60, inaiweka familia mbele, na makao yanakuwa kimbilio la mwisho. Kwa hiyo ukiingia makao unakutana na wale ambao ukoo haupo, au upo mbali, au umechoka, au haujulikani. Wengine huletwa na maofisa wa ustawi wa jamii kutoka hospitali: ameruhusiwa kutoka wodini na hakuna wa kumpokea. Anakuja na barua moja na nguo alizovaa. Habari za maisha yake yote zimebaki kwa watu ambao hawapo.

Hivyo ndivyo alivyofika Mzee Fundi, kabla ya Noeli ya mwaka 2024. Alikuwa amepata kiharusi. Upande wa kulia wote ulikuwa umekufa, mkono na mguu, na maneno yalikuwa yamekatika. Anasikia, anaelewa, lakini akifungua mdomo inatoka sauti moja tu isiyo na umbo. Barua iliyomleta ilisema anaitwa Fundi, umri wake unakadiriwa kuwa miaka 75. Fundi wa nini, haikusema. Kwenye daftari la kupokelea wazee kuna nafasi ya dini. Kwake nafasi ile ilikuwa tupu. Tuliiona. Tulimsaidia sista kunakili daftari lile mwezi wa Januari, tukanakili na ule utupu kama ulivyo.

Wakati wa Rozari tulikuwa tunamwekea rozari katika mkono wa kushoto, ulio mzima. Ilikuwa inaanguka. Tunaiokota, tunamwekea tena, tunamkunjia vidole. Inaanguka tena. Tulisema mkono huu nao umeanza kudhoofu, na mmoja wetu akamwambia sista amweleze tabibu wa mazoezi.

Mwaka 2025 Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 5 Machi. Mwezi wa Ramadhani ulikuwa umeanza siku chache tu kabla. Tulilijua hilo vizuri, maana seminari yetu inasikia adhana ya msikiti wa mjini, na alfajiri tunasikia vijana wanaopita na ngoma kuamsha watu kwa daku. Tulikuwa tunataniana mezani kwamba mwaka huu tumefunga na majirani. Ndizo wiki zile ambazo Baba Mtakatifu Fransisko alikuwa amelazwa hospitali huko Roma, na kila jioni kanisani tulikuwa tunamwombea, mzee wa miaka 88 ambaye mwaka 2022 alitumia katekesi zake za Jumatano, miezi kadhaa, kuzungumzia uzee. Tulikuwa tumejaa mawazo mazuri kuhusu wazee, kwa kweli.

Jumamosi ya tarehe 8 tulipofika makao tulikuta wahudumu wana wasiwasi. Mzee Fundi hali. Daftari la zamu lilikuwa limeandikwa siku baada ya siku, kwa miandiko tofauti: amegoma uji, amegoma chakula cha mchana, amegoma dawa. Neno lilikuwa lilelile, kugoma. Ukilisoma mara saba mfululizo unaanza kumwona mtu mkorofi kitandani, hata kama uso wake ni mpole.

Tulijaribu. Tulimwekea kijiko mkono wa kushoto, kama tabibu wa mazoezi alivyoelekeza kwa mgonjwa aliyepooza kulia. Alikiachia kikaanguka kwenye shuka. Tukaamua kumlisha wenyewe. Alifunga mdomo, akageukia ukutani. Mmoja wetu aliinama akamwambia, "Babu, kijiko kimoja tu, kwa ajili ya Yesu." Hakugeuka. Uji ulipoa, ukaingia ngozi juu. Sisi wenyewe siku ile tulikuwa tumefunga. Tulikuwa na njaa, tumeshika bakuli la uji, tunambembeleza mtu mwingine ale, na halikutupitia kichwani hata kidogo.

Tulimuuliza maswali mengi. Mbona huli, babu? Unaumwa wapi? Unataka nini? Nani kakuudhi? Alitutazama kila mmoja kwa zamu yake, akafumba macho.

Jumamosi iliyofuata, tarehe 15, alikuwa amekonda waziwazi. Mifupa ya mashavu ilikuwa imetokeza. Wahudumu walizungumza kwa sauti ya chini. Sista mlezi alikuwa amepanga Jumatatu arudishwe hospitali, akawekewe mrija wa kulishia kupitia puani. Mhudumu mmoja mwenye uzoefu alituambia kwamba wazee wengi wakifika hatua ya kukataa chakula hawachukui muda.

Tulikaa barazani wanne tukajadiliana. Katekisimu tunaijua: mtu akiwa katika hatari ya kufa, yeyote anaweza kubatiza, ilimradi atumie maji na maneno yanayotakiwa na awe na nia ya kufanya lifanyalo Kanisa. Na hapa alikuwa mzee asiye na dini iliyoandikwa, asiye na ndugu, anayekufa. Hatutasema ni nani aliyetangulia kulitamka, kwa sababu sote tulikubali. Chupa ya maji ilikuwapo. Tulichagua hata jina. Tulimpa Yosefu, kwa sababu ni fundi, na sikukuu yake ilikuwa siku nne mbele. Tukumbushe kwamba Sheria za Kanisa hatujaanza kusoma, somo hilo linatusubiri huko teolojia. Hatusemi hivyo kujitetea. Tunataka ieleweke kwamba watu wanaweza kufika karibu sana na kosa kubwa huku mioyo yao ikiwaka.

Sista alitukuta tumeinuka tunaelekea wodini. Alikuwa anatoka kuanika mashuka. Aliiona chupa, akaelewa mara moja, nadhani hatukuwa wa kwanza.

"Amewaomba?"

"Hawezi kusema, Sista."

"Sikuuliza kama anaweza kusema, frateri. Nimeuliza kama amewaomba."

Hatukuwa na jibu. Na kabla sista hajaendelea, mama anayepika alipita na beseni la mchicha kichwani, akasimama alipoona nyuso zetu.

"Kwani mzee kazidiwa? Mbona jana kafuturu vizuri tu."

Tunakumbuka kimya kile. Sista ndiye aliyeuliza, polepole, "Kafuturu?"

"Eeh, si kafunga? Nilidhani mnajua, sista."

Mama yule ni Mwislamu. Siku ya kwanza ya mfungo alikuwa amechelewa kuondoka, anachambua maharage ya kesho yake. Saa moja jioni adhana ya Magharibi ilipolia, alipita dirishani akamwona Mzee Fundi midomo inacheza na macho yameelekea kwenye birika la maji. Aliingia akamuuliza neno moja: "Umefunga?" Mzee akaitikia kwa kichwa. Basi. Akampa maji na tende mbili alizokuwa nazo kwa ajili yake mwenyewe, akamkorogea uji, akamlisha kwa mkono wa kulia, mkono wake yeye mama. Kutoka siku hiyo alikuwa anambakizia futari, na mhudumu wa usiku anamlisha. Dawa ya usiku alikuwa anakunywa bila tatizo.

Hayo yote yalikuwa yameandikwa. Kulikuwa na daftari la pili. Ofisi hufungwa saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo zamu ya usiku ina daftari lake linalokaa chumba cha wahudumu. Tulilifungua pamoja na sista. Mzee Fundi amekula vizuri. Mzee Fundi amekunywa uji, amelala. Mzee Fundi amekula. Siku zilezile ambazo daftari la mchana linasema amegoma. Sista alisoma kurasa zote bila kusema kitu, kisha akasema kwamba kosa ni lake, kwa kuwa yeye ndiye aliyepaswa kuyalaza madaftari mawili mezani kila asubuhi. Sisi tulikuwa tumepata alama nzuri katika mtihani wa mantiki muhula uliotangulia.

Alikuwa amekonda kwa sababu hakuna aliyempa daku. Makao yanalala saa tatu usiku, na jiko halina mtu mpaka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Alikuwa anafunga kwa mlo mmoja kwa siku, mzee mwenye shinikizo la damu, na dawa za asubuhi hazinywi. Kwa hiyo hatari ilikuwa ya kweli. Tusije tukaeleweka kwamba wasiwasi wa wahudumu ulikuwa upuuzi.

Tulirudi kwenye yale maswali yetu. Mbona huli? Unataka nini? Ni maswali ya mtu mwenye maneno. Aliyepoteza maneno kwa kiharusi hawezi kujibu "mbona". Anaweza kujibu ndiyo au hapana, akiulizwa kwa utulivu na akapewa muda. Tulimrushia maswali yasiyojibika kwa kichwa, alipofumba macho tukasema hataki kuzungumza. Mama mpishi hakusoma hayo mahali. Alimtazama mtu akaona anaelekea wapi, akamuuliza juu ya hicho anachokielekea.

Kesho yake, Jumapili, sista alimwalika shehe wa msikiti wa jirani. Alikuja baada ya swala ya alasiri, akaketi kwenye kiti cha plastiki karibu na kitanda, akamsalimu kwa salamu ya Kiislamu. Sista alitusimulia kwamba mzee alitoa ile sauti yake moja, ndefu, na machozi yakamtoka. Shehe alimweleza kwamba dini yake inawaruhusu wagonjwa na wazee wasiojiweza kutofunga, na kwamba kuna njia ya fidia, kulisha maskini. Alimuuliza kama ameelewa. Akaitikia. Shehe akaaga, kila mtu akapumua.

Jumatatu asubuhi mzee alikataa uji.

Hapo ndipo ilipotulazimu kufikiri kwa kweli, maana mpaka hapo tulikuwa tumeridhika: tumelijua tatizo, mwenye mamlaka amekuja, amesema, limekwisha. Ila ruhusa ya kutofunga haikuwa amri ya kutofunga, na mzee alilielewa hilo kuliko sisi. Safari ya mrija iliahirishwa. Daktari wa hospitali ya jirani aliombwa ushauri, akazipanga dawa upya, nyingine saa za daku na nyingine saa za futari. Mlinzi wa getini, ambaye yuko macho usiku kucha, alikabidhiwa chupa ya chai yenye uji na maelekezo ya kumwamsha mhudumu wa zamu saa kumi alfajiri. Sista alimpima mzee shinikizo la damu asubuhi na mchana. Mara mbili kipimo kilipanda. Sista alimwonyesha mashine, akamwambia leo hapana, babu, leo naomba unywe. Mara ya kwanza alikunywa. Mara ya pili alikataa, na sista hakumlazimisha, akaketi pale kitandani mpaka jioni na kazi nyingine zikalala. Alituambia baadaye kwamba hakuwa na uhakika kama amefanya sawa, na kwamba hata sasa hana.

Darasani tulikuwa tumejifunza maana ya nafsi kutoka kwa Boethius: kitu kilicho kimoja, chenye kusimama chenyewe, chenye asili ya akili. Mwalimu wetu alisisitiza neno asili. Mtu hapotezi unafsi wake kwa sababu akili yake imeacha kutenda kazi, alisema, iwe usingizini, iwe katika ugonjwa. Tuliandika. Tulichokuwa hatujakitilia maanani ni lile neno jingine katika maana ileile, kwamba ni kimoja. Asili ya utu tulikuwa tunaiheshimu sana pale makao. Tuliwaheshimu wazee wote, sawasawa, kwa wimbo uleule na sabuni ileile. Ni huyu mmoja, na mkono wake wa kulia uliokufa na saumu yake, ndiye aliyetuponyoka.

Mmoja wetu anayependa sarufi alituletea jambo wiki ile. Kiswahili kina neno kikongwe, lina umbo la vitu: kiti, kijiko, kitanda. Lakini hakuna anayesema kikongwe kimelala. Tunasema kikongwe amelala, kama tunavyosema kipofu anaona kwa vidole vyake. Umbo ni la kitu, upatanisho ni wa mtu. Tulipekua daftari la zamu la mwezi Februari tukakuta mhudumu mmoja, kwa haraka ya kazi, ameandika: kitanda namba tisa kimeoga.

Katika maktaba yetu tulipata pia habari za Tom Kitwood, Mwingereza aliyekuwa kasisi wa Kianglikana na kufundisha shule Uganda, kisha akawa mwanasaikolojia. Kitabu chake cha mwaka 1997, Dementia Reconsidered, kinahusu watu waliopatwa na ugonjwa wa kusahau uzeeni, nacho kimebadili mazungumzo ya watunzaji wa wazee katika nchi nyingi. Anaorodhesha mambo yanayomwondolea mtu utu wake hata katika nyumba safi yenye chakula cha kutosha: kumfanya kama mtoto, kumbandika jina la tabia, kumharakisha kuliko anavyoweza, kuongea juu yake kana kwamba hayupo, kumfanyia anachoweza kufanya mwenyewe. Na anasema wanaofanya hayo kwa kawaida si watu wabaya. Tulihesabu katika orodha yake ni mangapi tumeyafanya wenyewe kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana ya Jumamosi moja. Hatutaiandika hapa ile hesabu.

Baada ya Pasaka sista alitupa kazi mpya. Gitaa likae nyumbani kwanza. Alinunua madaftari makubwa mawili, akataka kila mzee awe na ukurasa: unapenda kuitwaje, dini yako na unavyosali, unaamka saa ngapi, unakula nini na hupendi nini, unatumia mkono upi, ulifanya kazi gani, unaogopa nini, ukizidiwa tumwite nani. Tulidhani ni kazi ya Jumamosi mbili. Ilituchukua mpaka mwisho wa Juni.

Bibi mmoja alitufukuza. "Mnaniandika ya nini, kwani nakufa?" Tulirudi wiki tatu mfululizo bila daftari, tukakaa tu, mpaka akatuambia mwenyewe kwamba chai ya maziwa inamsumbua tumbo tangu usichana wake. Alikuwa anaimwaga kwenye sufuria la mgomba kila asubuhi kwa miaka minne, na wahudumu wakawa wanasifia mgomba. Babu mwingine alitupa historia tatu za maisha yake zisizopatana, katika moja alikuwa kipa wa timu kubwa Dar es Salaam. Tuliandika zote tatu. Bibi mwingine, ambaye sote tulimdhani kiziwi, alikuwa hasikii upande mmoja tu, na kitanda chake kilikuwa kimewekwa sikio zima likiwa ukutani. Kukigeuza kulichukua dakika tano.

Mengine hayakugeuka. Kwenye kurasa 31, wazee 19 walisema hawapendi kuogeshwa alfajiri. Tulilipeleka kwa sista kama ugunduzi mkubwa. Alitusikiliza kisha akatupeleka kwenye tenki. Maji ya bomba yanatoka usiku, yanakatika saa moja asubuhi. Tenki ni dogo, na mchana linahitajika jikoni na chooni. Zamu ya asubuhi ina wahudumu watatu. Ukitaka kila mzee aoge saa anayopenda, unahitaji tenki la pili na mhudumu wa nne, na mshahara wa huyo wa nne hakuna anayejua utatoka wapi. Kwa sasa wamewagawa: wale sita wanaochukia zaidi wanaoga jioni kwa ndoo zilizokingwa alfajiri. Kumi na watatu bado wanaamshwa gizani, nasi tunajua kwa majina kwamba hawapendi. Kujua huko kunasumbua. Zamani tulikuwa tunaondoka pale tukiwa wepesi.

Tulizungumza hili na mlezi wetu wa kiroho. Alituambia tutazame kengele ya seminari. Nasi tunaamshwa gizani, tunakula kilichopikwa, tunalala ikilia. Lakini kengele ile tuliiomba sisi wenyewe kwa barua, na mlango uko wazi kwa anayetaka kuondoka. Mzee aliyeletwa na barua ya mtu mwingine hakuomba kengele yoyote. Alitutajia pia Mtakatifu Jeanne Jugan wa Ufaransa, mwanzilishi wa Masista Wadogo wa Maskini, aliyeanza kazi yake mwaka 1839 kwa kumleta nyumbani kwake mwanamke mmoja mzee asiyeona na kumwachia kitanda chake. Mmoja, alirudia mlezi. Wale wengine walikuja baadaye.

Kuhusu ile chupa ya maji, tuliipeleka wenyewe kwa gombera, kabla hajaisikia kwa wengine. Alitusomea kanuni ya 865: hata katika hatari ya kufa, mtu mzima habatizwi asipokuwa ameonyesha kwa namna fulani kwamba anataka. Akatuagiza kusoma tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano la mwaka 1965 juu ya uhuru wa dini, kila mmoja aandike kurasa tano. Hakutukemea sana. Alituuliza swali moja tu ambalo hatujalimaliza: kama mama mpishi asingepita, na sista angekuwa bado kwenye mashuka, mzee yule angetueleza vipi kwamba hataki?

Siku hizi watu wa msikitini humjia Mzee Fundi siku za Ijumaa. Rozari haiwekwi tena mkononi mwake. Tunapoisali barazani anauliza kwa macho kama asogezwe kivulini, tunamsogeza, na wakati mwingine anabaki. Anakula kwa mkono wa kulia wa yeyote aliye karibu. Ukurasa wake unajaa polepole, kwa ndiyo na hapana. Ana watoto, ndiyo. Wako hai, hakujibu. Anapenda samaki, ndiyo, lakini si dagaa. Tulimuuliza kama anataka tuendelee kumwita Fundi au tutafute jina lake, tukitaja majina moja moja na shehe akisaidia. Aliitikia kwenye Fundi.

Lakini fundi wa nini? Tumeshapita cherehani, viatu, baiskeli, saa, useremala, uashi, magari, na vichwa vya treni, ambavyo tulikuwa na uhakika navyo kwa sababu ya reli. Kila mara anatikisa kichwa. Jumamosi iliyopita tulikuwa tumefika kwenye redio na masufuria, tukamuuliza kama tunakaribia. Alifikiri kidogo, akatikisa kichwa tena, kisha akacheka, upande mmoja wa mdomo.